Jinja ya Wageni: Vivutio Vilivyozama na Vilivyobaki

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, mvua kubwa zinapopungua na vyuo vyetu vinapofungwa, Jinja hujaa wageni. Wazungu huja kwa kuwa kwao ni majira ya joto na likizo. Wakenya huvuka mpaka Busia au Malaba. Sisi wanafunzi hupanda teksi za abiria kutoka Kampala, tukabanana watu kumi na wanne, tukashuka na njaa. Mimi ni mzaliwa wa Jinja, kwa hiyo kila likizo wenzangu hunitaka niwaongoze, na swali lao ni lile lile: tutaona nini? Swali hilo lina historia ndefu kuliko wanavyodhani. Katika insha hii nitaeleza wageni wa Jinja wamekuwa wakija kuona nini tangu 1862. Hoja yangu ni kwamba vitu vikubwa walivyovijia wageni hao, kimoja baada ya kingine, vimefunikwa na maji kwa ajili ya umeme, na vivutio tunavyowaonyesha leo ni vile vilivyobaki baada ya hapo.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Jinja iko ukingo wa mashariki wa Mto Naili, pale maji yanapotoka Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa Kampala. Ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, ingawa ni jiji ambalo unaweza kulimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wasoga huuita mto huo Kiyira. Jina Jinja linatokana na neno la lugha za hapa lenye maana ya mawe, na mawe hayo hayakuwa ya kawaida. Ni mwamba uliokatiza mto mahali maji yalipoanza kuondoka ziwani, yakaanguka juu yake kwa kishindo. Kwa maneno mengine, jiji hili lilipewa jina la kitu ambacho mgeni wa leo hawezi kukiona.

John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akitokea kwa Kabaka Mutesa. Msafara wake ulikuwa umetoka Unguja mwaka 1860, na ndani yake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi pwani ya Afrika Mashariki. Speke aliongea naye kwa Kihindustani, naye Bombay akawageuzia wapagazi kwa Kiswahili. Nalitaja hili kwa sababu sisi wanafunzi wa Kiswahili huambiwa mara kwa mara kwamba lugha hii ililetwa Uganda na wanajeshi. Ukweli ni kwamba kabla ya askari wa kikoloni kulikuwa na misafara, na Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara.

Katika kitabu chake Speke anaeleza aliyoyaona: samaki wengi wakiruka kuupanda mwamba, wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wamesimama juu ya mawe na ndoana zao, viboko na mamba wamelala majini, kivuko kinafanya kazi juu ya maporomoko, na ng'ombe wanateremshwa kunywa ziwani. Anakiri pia kwamba Waganda walipaita mahali hapo Mawe. Baada ya kuyaandika hayo yote akapaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa Rais wa Royal Geographical Society. Wengi wetu tumefundishwa kukichekea kitendo hicho, nami nakichekea. Lakini maelezo yake yana thamani, kwa sababu yanaonyesha kwamba pale palikuwa mahali pa kazi. Palikuwa na uvuvi, kivuko na malisho, na mtu pekee aliyekuja kutazama tu ni yeye. Naweza kusema alikuwa mtalii wa kwanza wa Jinja. Nguzo yake ya ukumbusho iko ng'ambo, ukingo wa magharibi, kwa kuwa alifikia upande huo.

Winston Churchill alipita mwaka 1907 na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yake. Yeye hakutazama samaki tu. Alitazama maji yanayoanguka bure, akafikiria mitambo. Wazo hilo lilingoja zaidi ya miaka arobaini. Katikati ya hapo Jinja ilikua kuwa mji wa bandari na reli: njia ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912 kusafirisha pamba kutoka Namasagali, na mwaka 1931 daraja la reli likavuka mto kuelekea Kampala.

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu jambo lenyewe halielezwi vizuri kwenye boti za watalii. Bwawa lilijengwa kilomita chache chini ya Ripon, na maji yake yaliyafunika maporomoko yote mawili, Ripon na Owen. Kufunika peke yake hakukutosha. Ule mwamba wa Ripon ndio uliokuwa ukipima kiasi cha maji kinachotoka ziwani tangu enzi na enzi, na wahandisi walitaka kazi hiyo ifanywe na milango ya bwawa. Kwa hiyo mwamba ukapasuliwa, mkondo ukachimbwa. Mawe yaliyoupa mji jina lake yalivunjwa. Misri, ambayo uhai wake ni mto huu, ilichangia fedha na ikapata haki ya kuweka mhandisi wake Jinja, na maji yakawa yanaachiliwa kwa hesabu iliyoafikiwa, inayoiga mtiririko ambao mwamba ule ungeutoa wenyewe. Yaani wanadamu walivunja jiwe, kisha wakaandika mkataba wa kujifanya jiwe.

Leo bwawa hilo linaitwa Nalubaale. Mgeni akipanda boti kwenda "chanzo cha Naili" anapelekwa karibu na yalipokuwa maporomoko ya Ripon. Anaonyeshwa kibao na maji yanayopanda kama yanachemka, anapiga picha, anarudi. Nimewahi kupanda boti hiyo mara nyingi na sijawahi kumsikia mwongozaji akitaja baruti. Wanaojua zaidi huulizwa kuhusu Burundi, kwa kuwa Warundi wana piramidi yao Rutovu iliyojengwa mwaka 1938 kuonyesha chanzo cha kusini kabisa cha Naili, na Wanyarwanda wanakitaja chanzo chao katika msitu wa Nyungwe. Nina rafiki Mrundi ambaye hukataa kabisa kulipa nauli ya boti. Kwa maoni yangu wote wana haki yao, kwani ziwa nalo hulishwa na Mto Kagera. Jinja ni mahali mto unapotoka ziwani, na hilo linatosha.

Umeme wa 1954 ulileta viwanda: nguo, shaba, na vinginevyo. Babu yangu mzaa mama aliajiriwa katika kiwanda cha nguo na akapanga Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Majirani zake walikuwa Wajaluo, Waluhya na Wateso, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Waasia walikuwa wameijenga Barabara Kuu zamani zaidi, na mgeni akiinua macho ataona juu ya maduka majina na miaka ya wenye nyumba. Kisha ukaja mwaka 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku tisini waondoke. Ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: tembeeni barabara hiyo asubuhi, someni majina yale juu ya paa, kisha mle rolex kwa muuzaji wa kona. Ni makumbusho ya bure. Pale mtoni kuna pia sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitiwa katika maji haya mwaka 1948. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral.

Baada ya Ripon kutoweka, wageni walihamia Bujagali, au Budhagaali kama tunavyosema sisi, kiasi cha kilomita 8 chini ya bwawa. Hapo ndipo familia zilipokwenda Jumapili. Mama yangu anasimulia vijana walioruka ndani ya maporomoko wamekumbatia jerikeni tupu ya njano, wakatokea chini salama, wakapokea hela za watazamaji. Katikati ya miaka ya 1990 zikaanza safari za kushuka mto kwa boti za mpira, na vijana wa vijiji vya jirani wakapata ajira ya kuongoza boti na kupika chakula cha wageni. Lakini Budhagaali si jina la maporomoko tu. Ni jina la mzimu, na mlinzi wake alikuwa mzee aliyelirithi jina hilo. Mradi wa bwawa la pili ulipokuja, wawekezaji waligharamia matambiko ya kuihamisha mizimu. Mzee alishikilia kwamba haihamishiki. Mwishoni mwa 2011 maji yalipanda yakayafunika maporomoko, na bwawa la megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012.

Sitaki nieleweke kwamba ninapinga umeme. Nilisomea mtihani wangu wa kidato cha sita chini ya taa iliyowashwa na mto huu, na nakumbuka vizuri miaka ya mgawo, tulipokuwa tukisoma kwa kibatari. Ninachodai ni kwamba hasara nayo iandikwe. Megawati hutangazwa kwenye mbao kubwa, lakini mahali pa kuvulia, pa kutambikia na pa kupelekea watoto Jumapili hapana hesabu yake popote.

Kuna sehemu moja ambayo hesabu ilijaribiwa. Ili kufidia Bujagali, mwaka 2007 serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala yatahifadhiwa, pamoja na mazingira yake na thamani yake ya kiimani, bila kujengewa bwawa. Kalagala iko kiasi cha kilomita 30 chini ya Jinja. Upande wa Busoga wa maporomoko hayo huitwa Itanda. Lakini bwawa la Isimba, la megawati 183, lilizinduliwa mwaka 2019 chini zaidi, na maji yake yakafunika baadhi ya maporomoko yaliyopendwa na wapiga kasia. Itanda yenyewe ingali inanguruma.

Kwa hiyo mwenzangu akiniuliza Julai hii tukaone nini, namwambia boti ya chanzo inaweza kungoja. Tupande bodaboda mapema kwenda Itanda, njia ni ya vumbi na afadhali kufunga kitambaa puani. Kuna ada ndogo ya kiingilio, na wavuvi watakuwa juu ya mawe tangu alfajiri.