Taa za mbele za gari: karne ya kutafuta mwanga usiopofusha

Kuanzia magari ya mwaka 1940, Marekani ilishika kanuni moja: kila gari liwe na taa mbili za mviringo za inchi 7, kioo, reflekta na nyuzi vikiwa chombo kimoja kilichozibwa. Taa ikiungua, unaing'oa nzima na kuweka nyingine. Kipimo hicho kilienea duniani, kikafika hata kwenye Land Rover na Land Cruiser zilizozoeleka katika barabara zetu za vumbi. Ndiyo sababu gari la miaka ya 1970 linaweza leo kufungwa taa ya kisasa bila fundi kukata bati.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ngumu. Taa za kwanza za magari ziliwaka kwa mafuta, na upepo ulizisumbua. Zikaja za asetilini: maji yalidondokea kalsiamu kabaidi, ikatoka gesi ileile wanayoitumia mafundi wa kuchomelea. Mwali wake mweupe ulistahimili upepo na mvua. Mwaka 1904, mjini Indianapolis, Carl Fisher na James Allison walianza biashara ya kuuza gesi hiyo ikiwa tayari ndani ya mitungi, nayo ikawatajirisha. Miaka mitano baadaye wote wawili walikuwa miongoni mwa waliojenga uwanja maarufu wa mashindano ya magari wa mji huo.

Umeme ulikuwa umejaribiwa tangu 1898 kwenye gari la Columbia, lakini nyuzi za balbu zilikatika upesi kwa mitikisiko. Mambo yalibadilika 1912, Cadillac ilipotoka na mfumo wa Charles Kettering uliounganisha kuwasha injini, kuchaji betri na kuwasha taa. Gesi ikaanza kuaga barabara.

Hapo ndipo tatizo lililo kubwa hadi leo lilipojitokeza: mwanga unaokusaidia wewe unampofusha anayekuja. Mwaka 1924 Osram ya Ujerumani ilitoa balbu ya Bilux yenye nyuzi mbili, moja ya full na moja ya dimu. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Nchini Marekani, Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, alikuwa na wazo ninalolihusudu zaidi ya yote: kila gari liwe na kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu kwenye taa na kingine mbele ya macho ya dereva, vyote vikiwa vimeinamishwa upande mmoja. Dereva angeuona mwanga wake mwenyewe, na ule wa anayekuja, ambaye vichujio vyake vikikukabili vinakuwa vimeinama upande wa pili, ungezuiwa. Wazo lilikwama. Vichujio vilikula mwanga mwingi, na faida isingeonekana mpaka magari yote yafungwe.

Suluhisho lililodumu lilikuwa la kawaida zaidi. Katika miaka ya 1950 Ulaya ilianza kuipanga dimu iwe na mpaka: chini upande wa magari yanayokuja, juu kidogo upande wa ukingo wa barabara. Sisi Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto kama Wajapani, kwa hiyo taa za magari yao hutufaa zilivyo. Gari hilohilo likifika Bujumbura au Bukavu, wanakopita kulia, mwanga wake huinuka upande wa wanaokuja. Dereva anaweza kuwa ameweka dimu kwa adabu zote na bado akawaumiza macho.

Balbu ya halojeni iliingia kwenye magari ya Ulaya mwaka 1962, na H4 ya nyuzi mbili ikafuata 1971. Marekani ilichelewa kuruhusu halojeni hadi 1978. Mwaka 1991 BMW ilileta xenoni, na baadaye kanuni za Ulaya zikadai taa kali za aina hiyo zijirekebishe zenyewe gari linapoinama na ziwe na kifaa cha kusafisha kioo. Dimu ya LED ilitangulia kuonekana kwenye Lexus LS 600h, mwaka 2007.

Leo balbu ya LED inauzwa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi kama sukari, na dereva huipachika ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Hapa nasema bila kusita: mara nyingi hilo si kuboresha. Reflekta ilichongwa kuuzunguka uzi mdogo uliokaa mahali pamoja. Chanzo cha mwanga kikihama hata milimita chache, mpaka wa dimu unavurugika. Ujerumani iliruhusu balbu ya kwanza ya LED ya kubadilishia halojeni mwaka 2020 tu, tena kwa orodha ya magari yaliyopimwa. Na tangu 2023, mabasi ya Tanzania yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, wanaokutana na mwanga huo ni abiria hamsini kwa mpigo.

Mwenye gari la zamani aanze na nyaya. Volti ikipungua ndani yake kwa asilimia 10, balbu ya halojeni hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Rilei, waya mnene kutoka kwenye betri na ethi iliyosafishwa kutu hurudisha mwanga huo bila kubadili balbu. Taa ya plastiki iliyofifia ing'arishwe, kisha ipimwe ukutani: ukisimamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mpaka wa dimu uangukie kama sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Pima gari likiwa na mzigo wake wa kila siku, maana nyuma ikilala, taa za mbele huinuka.