Samaki wa ukoo wa pono katika tangi la nyumbani: Yupi afugwe, yupi aachwe baharini

Mtu anayeingia katika duka la samaki wa mapambo akiwa na nia ya kuanzisha tangi la maji ya bahari nyumbani kwake, aghalabu huvutwa na samaki wawili. Wa kwanza ni mdogo kama kidole, mwekundu kama kaa la moto, mwenye mabaka meupe mgongoni yaliyozungushiwa weusi. Wa pili ni mwembamba, wa rangi ya samawati, mwenye mstari mweusi unaoanzia mdomoni na kupanuka kuelekea mkiani. Wote wawili hupatikana katika miamba ya mwambao wetu, na wote wawili, kwa sababu tofauti, hawafai kufugwa nyumbani. Yupo wa tatu, ambaye mnunuzi humpita bila kumwona kwa kuwa mara nyingi amejibanza pembeni au amejifukia mchangani. Huyo ndiye anayefaa.

Samaki hawa watatu ni wa ukoo ambao wataalamu huuita Labridae. Ni jamaa wa karibu wa pono, na wapo wavuvi wanaowajumuisha baadhi yao katika jina hilo hilo la pono. Ni ukoo mkubwa, wenye aina zaidi ya 500 katika bahari zenye joto na zenye ubaridi wa wastani. Wamo wasiozidi urefu wa kidole, na yumo Cheilinus undulatus, mwenye nundu kichwani, ambaye huweza kupita urefu wa mita mbili na ambaye biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti na mkataba wa CITES tangu uamuzi wa mwaka 2004. Wengi huanza maisha wakiwa majike na baadaye wakageuka madume. Rangi nazo hubadilika kwa umri, hata samaki mmoja akadhaniwa kuwa wawili au watatu.

Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo yanayomponza mnunuzi wa yule mwekundu. Jina lake ni Coris cuvieri. Mtoto wake huonekana hata katika vidimbwi vinavyobaki miambani maji yanapokupwa, na ni vigumu kumtazama bila kumtamani. Lakini wekundu ule hutoweka, mwili ukawa wa kijani na kahawia, na samaki mwenyewe akakaribia sentimita 38. Katika umri huo kazi yake ni kupindua mawe akitafuta kaa, konokono na wadudu wa baharini wanaojificha chini yake. Katika tangi la lita 200 hakuna jiwe litakalotulia, wala kamba wala konokono atakayebakia. Anayemnunua hununua rangi ya miezi michache, kisha akahangaika kutafuta mahali pa kumpeleka.

Huyu wa samawati, Labroides dimidiatus, anastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa madhara ya kumtoa baharini hayaishii kwake. Tutamwita msafishaji, maana hiyo ndiyo kazi yake. Hukaa mahali pamoja pa mwamba, mfano wa kinyozi na kibanda chake, na samaki wengine humwendea wakapiga foleni. Huingia katika matamvua na hata katika vinywa vya samaki wakubwa walao wenzao, akachokoa vimelea na ngozi iliyokufa, nao hawamdhuru. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Lizard Island, Australia, na kuchapishwa mwaka 1996, ulikadiria kwamba msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku na hukagua samaki zaidi ya 2,000.

Takwimu hizo zatosha kumweleza msomaji kwa nini tangi la nyumbani ni gereza la njaa kwa samaki huyu. Tangi lina samaki watano au sita. Vimelea vyao, kama wanavyo, humalizwa kwa siku chache. Msafishaji huendelea kuwafuata wenzake, akawadonoa utando wa ute unaokinga ngozi zao, nao wakaishi kwa kukimbia na kujificha. Baadaye hukonda. Wapo wachache wanaojifunza kula chakula cha kuwekewa, na wafugaji waliobahatika kuwapata huwasifu sana. Lakini mnunuzi hawezi kujua dukani kama aliye mbele yake ni mmoja wao.

Kule kule Lizard Island watafiti waliwaondoa wasafishaji katika vipande vya mwamba na kuendelea kuwazuia wasirudi kwa miaka minane na nusu, huku vipande vingine vikiachwa na wasafishaji wao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Pale palipoondolewa wasafishaji, idadi ya samaki wakazi ilikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao zilikuwa pungufu kwa asilimia 23. Samaki hao hawakuvuliwa na mtu. Kilichoondolewa ni kisamaki kisichozidi sentimita 14. Kenya imekuwa ikiuza ng'ambo samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa, na msafishaji ni miongoni mwa wanaokusanywa. Mvuvi wa tasi na changu hana faida yoyote katika biashara hiyo, lakini mwamba ni wake pia.

Jambo jingine la kumtahadharisha mnunuzi ni kwamba msafishaji ana mwigaji wake, Aspidontus taeniatus, mwenye rangi na mwendo ule ule, ambaye huwasogelea samaki wengine kwa hila na kuwanyofoa mapezi. Tofauti i mdomoni: mdomo wa msafishaji uko mwisho kabisa wa pua, ilhali wa mwigaji umejificha chini yake, kama wa papa.

Sasa tumgeukie wa tatu, Halichoeres iridis. Huyu ni wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini. Kichwa chake ni cha rangi ya machungwa chenye michirizi ya samawati na kijani, mwili ni wa zambarau iliyokolea, na pezi la mgongoni ni jekundu. Hazidi sentimita 12 au hivi. Hagusi matumbawe, hula vijidudu vinavyotambaa mawe, na humeza hata baadhi ya minyoo na konokono wadogo ambao ni maadui wa chaza na matumbawe ya tangini. Hata hivyo, asiwekwe pamoja na kamba wadogo wa mapambo kwa kuwa naye ni mla nyama.

Sharti lake la kwanza ni mchanga. Jua likitua, samaki huyu hujitosa kichwa mbele akalala chini ya mchanga mpaka asubuhi. Akishtuliwa mchana hufanya vivyo hivyo. Mchanga uwe laini na uwe na kina cha sentimita tano au zaidi, angalau katika sehemu moja ya tangi. Matangi ya maduka mengi hayana mchanga, na ndiyo sababu baadhi ya samaki wa aina hii huuzwa wakiwa na vidonda mdomoni: wamejitosa, wakagonga kioo. Mwenye kidonda cha namna hiyo, au mwenye tumbo lililobonyea, aachwe, hata akipunguzwa bei. Na anayefaa, akishafikishwa nyumbani, huenda akajifukia na kutoonekana siku kadhaa. Wengi hudhani amekufa, wakaanza kufukua. Asifukuliwe, kumsumbua wakati huo ndiko kunakomuua.

Sharti la pili ni kifuniko. Samaki wa ukoo huu huruka, na upenyo wa upana wa vidole viwili unatosha kumtoa nje. Wavu wenye matundu madogo ni bora kuliko kioo, kwani hewa hupita.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi, hasa walio mbali na Pwani. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo. Hutumiwa chumvi maalumu yenye madini ya bahari, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Kwa tangi la lita 200 ni kilo saba. Maji ya mfereji yana klorini, na visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floraidi nyingi, hivyo inafaa kutumia maji yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa madini. Yanayopungua kwa kugeuka mvuke hujaziwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haivukizwi. Kosa la kuongeza maji ya chumvi kila juma hulifanya tangi kuwa kali kuliko bahari yenyewe. Wakazi wa Pwani wanaweza kuchota baharini maji yanapojaa, mbali na mikondo ya mito na mifereji ya taka.

Joto liwe baina ya nyuzi 24 na 27 za selsiasi. Usiku wa Julai jijini Nairobi huhitaji kipasha joto. Machi mjini Mombasa huhitaji feni.

Kabla ya kumtia samaki yeyote, tangi liachwe lifanye kazi kwa wiki nne hadi sita. Wafugaji hutupia kipande cha kamba mbichi kikaoza. Amonia inayotokana nacho ni sumu, lakini huwalisha bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na ukali huo. Vipimo vya amonia na naitraiti vikirudi sufuri, ndipo samaki aingie. Anayeharakishwa na watoto nyumbani na akakubali kuharakishwa, hununua samaki mara mbili.

Alishwe kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku: kamba waliogandishwa na kukatwa vipande vidogo, uduvi, na chakula kikavu cha samaki wa bahari pindi akikizoea. Mwili wake hauna akiba kubwa. Siku tatu bila chakula humdhoofisha.

Umeme ukikatika, kinachokwisha mwanzo ni hewa. Pampu ndogo ya betri huokoa tangi zima, na asiyekuwa nayo achote maji kwa kikombe na kuyarudisha kwa kuyamwaga kutoka juu, tena na tena. Chujio lililofungwa likikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake hufa na kuoza humo, hivyo lisafishwe kabla ya kuwashwa tena, vinginevyo uchafu wote huo huingia tangini kwa mkupuo mmoja.

Limebaki suala la asili ya samaki mwenyewe. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, na ile ya Kisite, haziruhusu kutolewa kiumbe chochote, na ukusanyaji wa samaki wa mapambo kwa biashara nje ya mbuga hizo huhitaji leseni. Mnunuzi amuulize mwuzaji samaki alitoka wapi, alinaswa kwa chombo gani na amekaa dukani siku ngapi. Kisha amwombe amlishe mbele yake. Halichoeres mwenye afya hufuata chakula mara moja, huku akizungusha macho, jicho moja likitazama huku na jingine kule.