Kimulimuli: Mdudu Mwenye Taa Isiyochoma

Kimulimuli, amemetaye usiku katika mashamba ya Meru na Embu, ni jamaa ya mbawakawa. Nyuma ya tumbo lake, kemikali iitwayo lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya cha lusiferasi. Nguvu ipatikanayo hutoka kama nuru, karibu bila joto. Ndiyo maana ukimshika hakuchomi.

Dume humetameta kumwita jike. Mabuu nao hung'aa, ila nia yao ni kuwaonya maadui kwamba hawaliki. Mkulima asiwadharau, kwani mabuu hao hula konokono, na konokono huharibu mboga. Hata hivyo, dawa za kuulia wadudu huwaangamiza, nazo taa za umeme huwazuia dume na jike kuonana gizani.