Uhakiki wa Uani: Watazamaji wa Kajiado na Kitengela na Michezo ya Televisheni

Historia ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzishwa vyuoni. Hutajwa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, mkusanyo uliohaririwa na Farouk Topan na kutolewa mwaka 1971, kisha hufuatishwa vitabu na majarida ya baadaye. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanamhesabu mhakiki kuwa ni mtu mwenye kalamu tu. Upo uhakiki mwingine uliofanyika kwa kinywa, wiki baada ya wiki, mara kipindi cha televisheni kilipokwisha. Shabaha yake haikuwa dhamira wala muundo wa mchezo bali mambo madogo: salamu isiyoitikiwa, jicho lililokwepa, mke aliyemwita mumewe kwa jina asilolizoea. Kajiado, iliyokuwa wilaya na ambayo tangu 2013 ni kaunti, pamoja na mji wake wa Kitengela, ni mahali pafaapo kuifuatia historia hiyo. Pale jambo hili lilifungamana na swali kubwa zaidi, nalo ni jinsi Kiswahili kilivyopata kuwa lugha ya mambo ya moyoni.

Hapana budi kwanza kueleza hali ya lugha. Mji wa Kajiado umo katika njia ya reli iendayo Magadi, na kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa pale lugha ya stesheni, ya duka, ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ya mnada wa ng'ombe. Mfugaji aliuza fahali wake kwa Kiswahili, akamjibu karani kwa Kiswahili, kisha akarudi nyumbani kuzungumza habari za ndoa, wivu na heshima kwa Kimaasai. Kitengela ilikuwa na mwendo wake. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River, mwendo mfupi kutoka hapo. Vipande vya ardhi vikauzwa, ploti zikajengwa, wapangaji wakaja. Sensa ya 2009 iliukuta mji na watu 58,167. Ile ya 2019 ikawakuta 154,436. Katika ploti moja Mkamba hupakana na Mluo, Mkisii, Mkikuyu na Mmaasai, na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Watu hao walikuwa na Kiswahili cha kuulizana bei na kodi ya nyumba. Kuichambua ndoa ya jirani mbele yake haikuwa adabu katika lugha yoyote. Ndoa ya kwenye televisheni, hata hivyo, iliweza kuchambuliwa kutwa nzima bila ya kumvunjia mtu heshima.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini miaka mingi ilipita kabla ya kuwafikia watu wa kawaida. Hata ilipowafikia, seti moja, mara nyingi ikiendeshwa kwa betri ya gari, ilitazamwa na majirani wengi. Katika miaka ya 1980 kipindi kilichowakusanya watu kwa Kiswahili kilikuwa Vitimbi cha Sauti ya Kenya, idhaa ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Wasomi walikipita kipindi hicho wakidhani kuwa ni kichekesho tu. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza Mzee Ojwang'. Mary Khavere aliigiza Mama Kayai. Hakuna kati yao aliyekuwa Mjaluo, lakini wote wawili walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na walikifanya vizuri hata watu wengi wakaamini kuwa ni mume na mke kweli, ikambidi Bi. Khavere kukanusha mara kwa mara. Imani hiyo isichekwe. Ilijengwa juu ya ushahidi ambao watazamaji waliukusanya wenyewe: namna mmoja alivyomkatiza mwenzake, muda aliomwacha anyamaze kabla ya kumjibu, na zaidi ya yote namna alivyomwita. Jina lenyewe "Mama Kayai" ni jina la heshima la mzazi kuitwa kwa mwanawe. Mume alitamkaye kwa kulivuta anasema jambo moja, na alitamkaye kwa kulikata anasema jingine. Kipimo hicho hakikufundishwa darasani. Kila mwanamke aliyepata kuitwa "mama fulani" alikuwa nacho.

Jambo hili lilikuja kuwa gumu, na lenye manufaa zaidi kwa mwanaisimu, michezo ya Meksiko ilipoingia nchini ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Mfano mwema ni Cuando seas mía, mchezo wa mwaka 2001, wenye kisa cha Paloma, mchuma kahawa, na Diego, mrithi wa shamba. Kihispania kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", moja ya ukaribu na moja ya heshima. Kiingereza kina moja tu. Kwa hiyo mtafsiri alikuwa amekwisha kuufuta mpaka baina ya kibarua na bwana wake kabla mchezo haujafika Afrika ya Mashariki. Ajabu ni kwamba mpaka huo ulirudishwa uani. Mtazamaji aliyemsimulia jirani yake aliyekosa kipindi ilimpasa kuchagua: je, Paloma alimwambia Diego "wewe", au "bwana", au alimwita kwa jina lake? Na ni siku gani alipobadilisha? Kila chaguo lilikuwa hukumu juu ya hali ya mapenzi yao, na msikilizaji aliyekiona kipindi angeweza kuipinga. Hivyo wanawake wa ploti, ambao huenda hawakupata kusikia neno moja la Kihispania, waliufikia mwulizo ambao Kiingereza kilikuwa kimeuficha.

Huko Ulaya watafiti waliligundua somo hili mapema kidogo. Ien Ang, alipotaka kujua kwa nini watu wa Uholanzi waliupenda mchezo wa Kimarekani Dallas, alitia tangazo katika gazeti la wanawake, akapokea barua 42, na juu ya barua hizo akajenga kitabu mashuhuri. Uani hapakuandikwa barua. Mtafiti wa Kiswahili anayengojea maandishi hatayapata, na wale waliokuwa watu wazima zama za Vitimbi sasa ni wazee.

Wanaume, hasa vijana, walikuwa na chuo chao: kibanda cha video. Humo filamu za Bombay, Hong Kong na Hollywood zilionyeshwa zikifuatana na sauti ya msimulizi. Tanzania alivuma Lufufu. Kenya alivuma DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina mapya, huwasemea yaliyomo vichwani mwao, humzomea mwoga, na huweza kukieleza kitendo cha kupepesa jicho kwa sentensi tatu. Kwa istilahi za fasihi simulizi, yeye ni fanani na mhakiki kwa pamoja, na hadhira hujibizana naye ijapokuwa sauti yake imenaswa kwenye kanda na haiwezi kuwasikia. Kasoro yake ni kuwa huamua mno: baada ya kusema kwake, ubishi hupungua. Uani haukuwa na msemaji wa mwisho, na kwa sababu hiyo uhakiki wake ulikuwa na kina zaidi.

Michezo iliyotungwa kwa Kiswahili iliyageuza mabishano. Maria, ya Citizen, iliyoonyeshwa kuanzia 2019 hadi 2021, ilimweka msichana wa mtaa wa mabanda, mwenye Sheng yake, ndani ya nyumba ya matajiri. Sultana, iliyoanza 2022, ilileta mazungumzo ya pwani hadi sebule za bara. Hapakuwa tena na haja ya kukisia "wewe" ya nani ni ipi. Swali likawa la adabu: je, kijana yule ameamkia ipasavyo? Kwa Wamaasai mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa akiguse kwa kiganja; asiyeinama amesema jambo zito bila kufungua kinywa. Mtazamaji wa Kajiado huitazama "shikamoo" ya pwani kwa macho hayo hayo, na huona upungufu ambao mtunzi wa mchezo yamkini hakuukusudia.

Tena wapo wanaokisimulia kipindi cha Kiswahili kwa Kimaasai, kwa ajili ya mama mzee nyumbani. Hapo kazi ya kuchagua huanza upya, ikielekea upande wa pili. Katika Kimaasai waliopeana ng'ombe huweza kuitana pakiteng, na waliopeana kondoo paker. Zawadi ndiyo inayolizaa jina. Msimuliaji akifika pale mhusika alipopokea kitu kutoka kwa mkwewe mtarajiwa, hana budi kuamua kama kilichotolewa kinatosha kuwapa jina jipya la kuitana, au kama wawili hao wabaki bado wageni.