Taya la chini kutangulia

Hali ambayo meno ya mbele ya chini huyapita ya juu mdomo ukifungwa. Mara nyingi chanzo ni mifupa: taya la juu limedumaa, la chini limerefuka, au yote mawili. Sakafu ya fuvu ikiwa fupi, kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio husogea mbele pamoja na kidevu, na uso ukitazamwa kwa upande huonekana umebonyea katikati. Taya la chini huchelewa kukoma kukua. Mtoto aonwe mapema, kabla ya miaka 10, taya la juu lingali likivutika. Upasuaji husubiri ukuaji ukome.