Kasi ya Baiskeli Yako Ilianzia kwa Upepo

Unaenda kazi na baiskeli na unataka kasi? Kabla uuze simu ununue fremu nyepesi, angalia kwanza upepo kwa tairi. Hiyo ni hesabu ya zamani, wasee. Mwaka wa 1888 huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mipira yenye upepo kwa baiskeli ya mtoto wake, ile ya magurudumu matatu. 1889 Willie Hume akaingia mbioni na tairi hizo nene, akashinda. Tairi gumu huruka kila jiwe, na jasho lako linaishia kwa mtikisiko. La upepo hulimeza jiwe, wewe unasonga.

Fresh. Lakini huo mpira ulitoka wapi? Mwingi Brazil. Mwingine Kongo, shamba binafsi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji (ndiyo, nchi nzima!). Kijiji kikikosa kufikisha kilo zilizotakiwa, watu walipigwa viboko, wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Dunlop tunamjua kwa viatu, Kongo tunaisahau. Leopold alinyang'anywa koloni lake mwaka wa 1908, miaka ishirini baada ya ile baiskeli ya mtoto.