Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kutoka Kitabuni Hadi Kwenye Filamu

Mtu akisikia kwamba kitabu alichokipenda utotoni kitatolewa katika filamu, huisubiri kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Swali lake huwa moja: je, hadithi itabaki kama nilivyoisoma? Makala haya yanadai kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, halitoshi. Mfano wetu ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichopendwa na vizazi vya wasomaji wa Kiswahili, na ambacho sehemu ya filamu yake mashuhuri ilipigwa katika nchi jirani na bonde letu la Ruzizi.

H. Rider Haggard alikichapisha kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1885, akawatunukia wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1929. Mwaka uliofuata mfasiri huyo akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Haggard aliiweka hadithi kusini mwa Afrika, miongoni mwa Wakukuana, taifa alilolibuni mwenyewe na kulipa lugha inayofanana na Kizulu cha zamani. Lakini Kiswahili kiliifanya hadithi hiyo kuwa ya nyumbani. Kila msomaji aliweza kuwachora Wakukuana akilini mwake kama alivyopenda, na kwa kuwa jina lao lilikuwa la kubuni, mchoro huo haukumhusu jirani yeyote.

Filamu ya Uingereza ya mwaka 1937 ilimpa Paul Robeson, Mmarekani mweusi, nafasi ya Umbopa. Ile ya Marekani ya mwaka 1950, iliyotengenezwa na kampuni ya MGM, ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda. Aliyesubiri hadithi isiyobadilishwa alikuwa na sababu ya kulalamika: kitabuni Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake, ilhali katika filamu hiyo mwanamke, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anamtafuta mumewe.

Badiliko hilo huonekana mara moja. Badiliko kubwa zaidi lilijificha mahali ambapo filamu ilisifiwa kwa ukweli wake, yaani katika mandhari na watu wake. Nafasi ya Wakukuana ilishikwa na Watutsi wa Ruanda, na Umbopa, mrithi wa kiti cha enzi, akaigizwa na mmoja wao. Hivyo taifa la kubuni lilipewa sura za watu halisi, tena watu ambao tayari walikuwa wamebebeshwa hekaya nyingine. Tangu John Hanning Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, wageni walikuwa wakieneza nadharia kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka kaskazini, na utawala wa Kibelgiji ukaitumia nadharia hiyo katika kuwagawa raia. Mtazamaji wa mbali aliona watawala warefu wa nchi ya hazina, akadhani ameiona historia. Mwaka 1959 kampuni ileile ilitoa filamu nyingine ikitumia tena picha zilizobaki, na safari hii jina la filamu lenyewe likawa Watusi. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Ruanda ikaingia katika machafuko.

Ingekuwa upuuzi kudai kwamba filamu ndiyo iliyozua machafuko hayo. Hata hivyo, sisi wa bonde hili hatuwezi kulichukua jambo hili kama mchezo. Mutarule, usiku wa 6 Juni 2014, waliuawa watu zaidi ya thelathini. Mahali kama hapa, kumtambua mtu kwa urefu au kwa pua, na kumpa historia kutokana na sura hiyo, si burudani.

Kwa hiyo mwalimu anayesomesha Mashimo, na wanafunzi wanaotamani kukiona kitabu hicho katika filamu mpya, wasiishie kuuliza kama kisa kitahifadhiwa. Wawaulize pia watengenezaji: Wakukuana, ambao kitabuni hawakuwa jirani wa mtu yeyote, mtawapa sura za nani?